Nina milioni 14, niko Newala: IST, RAV4, Probox au Noah?

ticha_wa_mlimani

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu huku Newala vijijini, mwaka wa nane huu, pikipiki imeshanizeesha mgongo na vumbi nimekula la kutosha, nimeamua ninunue gari. Hela iliyopo ni milioni 14, ni korosho za misimu miwili na kile nilichochota saccos, haiongezeki hata mnichape viboko, na humohumo nataka ibaki ya bima na tairi.

Naeleza matumizi yote maana najua mtaniuliza tu. Shule kwenda na kurudi ni kilomita 6 kwa siku, njia mchanga mtupu na masika inakuwa utelezi. Mke wangu ana duka dogo la vitenge na ndala, anafuata mzigo Mtwara mjini, sasa ivi anapanda basi. Watoto watatu. Mama mzazi nakaa naye, magoti yanamsumbua, kila baada ya miezi miwili ana kliniki Ndanda kwa hiyo tunashuka mlima mpaka Masasi ndo tunashika lami ya kurudi Ndanda. Halafu kuna maji, mliokulia huku juu mnaijua hii habari, kiangazi madumu hayaishi njiani. Mwezi wa sita kuna salfa, ile dawa ya mikorosho, ya kupeleka shamba, na korosho zikishaokotwa kuna magunia ya kupeleka chama cha msingi.

Sasa dalali mmoja ana IST namba D anataka 12 na nusu. Kuna RAV4 ile ya milango mitano ya miaka ya 2000 mwanzoni anataka 13.8. Mwalimu mwenzangu anasema Probox basi, hakuna kingine. Shemeji yangu yuko Dar anasema nichukue Noah maana familia kubwa. Moyo wangu siwafichi uko kwenye RAV4. Naombeni ushauri, ila wale wa "ongeza hela uchukue Land Cruiser" naomba mpumzike kwanza.

Mjomba Salfa

Ongeza hela uchukue Land Cruiser mkonga.

Mtoto wa Shangani

Ticha IST hukosei. Mm ninayo mwaka wa tano huu ile ya cc 1496, nipo nayo hapa mjini, kila wiki Lindi kila mwezi Masasi, spea unazipata mpaka kwa muuza vitumbua, nikiweka wese nasahau. Shida yake moja tu iko chini. Mwaka juzi nlijifanya mjanja nikapeleka wageni Msimbati kuogelea, mchanga ukanishika hata bahari sijaiona, vijana wa pale wameshazoea wanakusubiri na majembe kabisa, elfu 20 ikanitoka kwenda na elfu 20 kurudi maana kurudi nlikwama palepale. Kwaiyo kama mchanga wako ni kama ule fikiria mara mbili, ila kwenye lami IST haina mpinzani.

fundi_wa_masasi

Ticha nakusalimu. Hayo magari manne yote nimeshayafungua mpaka nyaya kwa hiyo nakwambia ninachokiona gereji sio ninachokisoma.

Naanza na RAV4 maana ndo umeipenda. Hizo za miaka hiyo zilizotoka Japan zina injini mbili. Kuna ya cc 2000, hiyo nyingi ni D4, maana yake petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kuna pampu yake ya presha na nozeli zake, na kwenye njia ya hewa inajaza masizi mpaka gari inaanza kutetemeka ukiwa umesimama. Ikiwa nzima ni tamu sana. Ikianza kusumbua huku kwetu utazungushwa na mafundi watano kila mmoja anabadilisha kitu chake, na hela ni yako. Halafu kuna ya cc 1800, hiyo sio D4, lakini hizo hazina fowili, yaani hazisukumi tairi zote nne, kwa hiyo unakuwa umenunua mwili wa jeep na miguu ya Corolla, juu ya hapo injini zile za mwanzo zina tabia ya kula oili. Sasa we unaitaka kwa ajili ya mchanga si ndiyo? Kabla hujatoa hata mia muulize dalali ni ipi kati ya hizo mbili. Akikujibu "zote sawa tu" ondoka.

Noah kama shemeji anasema ile ya zamani SR40, injini yake ya 3S ni ngumu haina maneno, spea zipo, lakini inasukuma kwa nyuma, ndefu, ikiwa tupu kwenye mchanga inachimba kaburi lake yenyewe. Na inakunywa. Hiyo iliyofuata baada yake ina D4 tena, rudi kasome juu.

Probox na IST injini ni ndugu, ile 1NZ ya cc 1496, chujio la oili moja, plagi moja, fundi yeyote kuanzia Mangaka mpaka Kilwa anaijua. Tofauti ni mwili. Probox imetengenezwa kuwa gari ya kazi, kule Japan imesajiliwa kama gari ya mzigo, kwa watengenezaji wenyewe mzigo wake ni kilo 400 mkiwa wawili mbele na kilo 250 mkikaa watano. Hesabu mwenyewe, dumu la lita 20 ni kilo 20, madumu ishirini unalaza siti unaenda. Gunia la korosho la kilo 80, matano. Sio nane! Wananiletea hapa springi zimelala shokapu zimemwaga oili kila msimu halafu wanasema Probox mbovu.

Ubaya wake siti ya nyuma. Ile ya mizigo siti yake nyembamba, imesimama wima kama benchi la kanisa, mtoto anavumilia mtu mzima mpaka Ndanda analalamika. Kuna nyingine ile ya familia ina siti nzuri nyuma, zipo chache ila zipo, ukiipata hiyo ndo yenyewe. Na zipo pia zenye fowili ila hizo ukizisikia zinauzwa mwenyewe kafa au kahama.

Jambo la mwisho kwa leo, nunua sasa ivi mwezi wa nane. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi gari ileile ya 12 utaambiwa 14 na bado utapanga foleni.

mama_wawili_Lindi

Kaka samahani mimi sio fundi, ila nimesoma umeandika moyo wako uko wapi, sijaona moyo wa mama uko wapi wala wa mkeo.

Sisi kwetu tulimnunulia mama gari ya juu tukijua ndo heshima. Mama ana uzito na goti moja halikunji. Ikabidi tubebe kigoda kwenye buti, kila akipanda mmoja anashika kigoda mmoja anamsukuma kwa nyuma, mbele ya watu, hospitali, kanisani, stendi. Alivumilia miezi mitatu akasema bora bajaji. Wala hakusema kwa hasira, alisema tu "bajaji nakaa mwenyewe". Na gari ya chini sana nayo sio, anaingia vizuri kama anaanguka lakini kutoka ndo kazi. Inatakiwa siti iwe usawa wa nyonga yake, anageuka anakaa anaingiza miguu basi. Hilo hulioni kwenye picha za dalali, mchukue mama akajaribu. Kama magari ya jirani yapo azima hata dakika tano yakiwa yamesimama, hamna atakayekunyima.

Swali lingine, mkeo anaendesha? Au anayefuata mzigo Mtwara utakuwa wewe, na Jumatatu uko darasani?

Halafu Noah naomba niseme. Ukinunua Noah kijijini umenunua gari ya kijiji. Msiba, harusi, mgonjwa wa usiku, mwenyekiti anaenda kikao, wote watakuja na "Mwalimu tunaomba msaada wa mafuta tutaweka" na hawaweki. Sio kwamba usisaidie watu, utasaidia na gari yoyote ile, lakini siti nane zinajulikana mpaka kitongoji cha tatu.

Mjomba Salfa

Hapo kwenye Noah dada kapiga kwenyewe. Mimi nilikuwa nayo, nimeshabeba hadi bendi ya mdundiko.

kijana_wa_bandari

Kwa nini usiagize mwenyewe Japan? Hizi za mkononi kilomita zimerudishwa nyuma zote.

fundi_wa_masasi

@kijana_wa_bandari kwa 14 yake apige hesabu kwanza. TRA wana kikokotoo mtandaoni aingize tu. Forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 1000 mpaka 2000 asilimia 5, gari ikizidi miaka 8 wanaongeza kwa ajili ya uchakavu asilimia 15 na ikizidi 10 asilimia 30, halafu VAT 18 inakaa juu ya mlima wote huo, na hapo sijataja tozo ndogondogo. Na wanaanzia kwenye bei ya gari ikiwa na meli na bima yake sio ile bei uliyoiona kwenye picha. IST ya 2004 iko kwenye fungu la uchakavu wote. Mtu mwenye 18 au 20 namwambia agiza, tena achukue ya karibuni kidogo. Huyu wa 14 ambaye anataka na tairi humohumo, mkononi, ila kwa macho.

kijana_wa_bandari

Sawa mkuu nimekuelewa. Ila Passo cc 996 ushuru wa bidhaa kwa injini yake ni sifuri hahaha

fundi_wa_masasi

Magunia utabeba wewe kichwani.

Novemba Haijirudii

Mimi sina ushauri wa gari nina ushuhuda. Malipo ya mnada yaliingia wiki ya pili ya Novemba, Ijumaa nikawa Masasi, Jumamosi narudi na RAV4 nyeusi, muziki unasikika mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Sikupeleka fundi, niliona aibu kuonekana sina uhakika mbele ya dalali. Dashibodi ilisoma kilomita elfu 78, gari ya miaka karibu 20, nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nilikuwa siangalii hata pedeli ya breki ilivyolika mpira mpaka chuma kinaonekana. Krismasi tulienda Lindi vizuri. Januari ikaanza kukosa nguvu mlimani, ikazima mara mbili pale kwenye kona tunapopandia Newala, abiria wangu ni mama mkwe. Machi nikaiuza kwa aliyeniuzia, pungufu milioni 4, na palizi sikuwa na hela nikakopa kangomba, kwa walanguzi wa korosho, kwa korosho ambazo hazijatoa hata ua.

Ticha hiyo namba D uliyoandika isikutie moyo. Herufi inakuambia gari imesajiliwa lini hapa Tanzania, haikuambii imetengenezwa lini. Soma mwaka kwenye kadi, na jina lililoko kwenye kadi liwe la mtu unayemuona anapumua mbele yako. Na ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone faini, mimi nilirithi za watu.

Mtoto wa Shangani

Pole kaka. Mama mkwe alisemaje

Novemba Haijirudii

Hakusema kitu. Ndo mbaya zaidi.

ticha_wa_mlimani

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nimefanya kazi mbili mlizonipa.

Ya kwanza ya dada wa Lindi, nashukuru sana dada. Jirani ana RAV4 na mwalimu mwenzangu ana hiyo Probox yake, jana jioni nikamtoa mama nikamwambia nataka nione kitu. RAV4 akashika mlango, akashika bega langu, akaangalia pale pa kukanyaga akasema hii ya vijana. Probox akageuka akakaa. Akaniuliza ni ya nani hii. Nikamwambia ya mwalimu fulani. Akasema "mwambie siti ya nyuma ni mbaya" na hapo nyuma hata hajakaa, ameipapasa tu kwa mkono. Kwa hiyo mama anakaa mbele hilo limeisha, nyuma watoto na mke.

Ya pili nilikaa na daftari. Mimi muda wote nafikiria gari ya kwenda shule. Sasa siku za masomo kwa mwaka ni 194, mara kilomita 6 ni 1,164. Ndanda mara sita kwa mwaka, kutoka mlangoni kwangu mpaka kule na kurudi kama 220, jumla 1,320. Nikamuita mke wangu nikamuuliza ukiwa na gari utaenda Mtwara mara ngapi, akasema mara mbili kwa mwezi, hata hakufikiria, inaonekana jibu alikuwa nalo siku nyingi. Kwenda na kurudi ni 280, mara 24, ni kilomita 6,720!! Nilirudia ile hesabu mara mbili. Yani gari ya mwalimu kumbe ni gari ya vitenge, na mimi kilomita zangu nazimaliza kwa pikipiki ninayoilalamikia.

Ukijumlisha zote ni 9,204 kwa mwaka, maji na shamba sijaweka. Nikachukua kilomita 13 kwa lita kwa hizi za cc 1500 na 9 kwa RAV4, kama nimekosea fundi utanisahihisha, tofauti inakuja lita 315. Kwa lita elfu 3 ni laki tisa na arobaini na tano elfu. Kwa mwaka. Hiyo ni salfa yangu na palizi.

Na ndiyo dada, mke wangu ana leseni, aliipata kabla yangu. Kwenye swali la kwanza sikuandika sijui kwa nini.

RAV4 nimeiacha, moyo utapona. IST nayo kwa madumu na vitenge naona itakuwa inalia. Pikipiki siiuzi, itaendelea na shule siku za mchanga. Kuna Probox imepatikana Masasi, dalali mwingine sio yule, mwaka 2008, anataka 12, anasema ni ile ya siti nzuri. Jumamosi tunaenda mimi na mke wangu. Fundi niangalie nini?

mama_wawili_Lindi

Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Mkeo ndo aijaribu, sio wewe.

fundi_wa_masasi

Hesabu ya mafuta iko sawa, kwa barabara yenu ya Mtwara yenye vipande vya lami na vipande vya vumbi na michepuko hata 12 ni sawa, usilie. Chujio la hewa lipulizwe kila mara, vumbi la huko linaua injini taratibu.

Jumamosi mpitie kwangu kwanza nitawapa kijana. Kama hamtapita basi angalieni haya. Mfike mkiikuta baridi, shika boneti kwa mkono. Ikiwa ya baridi ndo inasema ukweli, moshi wa bluu ni oili, mlio wa cheni unausikia sekunde zile za kwanza tu halafu unapotea. Fungua kifuniko cha oili, ukiona kama maziwa au uji funga ondoka, maji yanaingia. Lala chini angalia sampo, lile beseni la oili, kama imepigwa ikanyooshwa, na angalia kutu, gari iliyoishi Mikindani au Lindi pembeni ya bahari juu inang'aa chini imeliwa na chumvi. Kunja siti ya nyuma uone kama sakafu imebonyea, hiyo imebeba saruji.

Kisha msizunguke nayo mtaani Masasi pale palipo tambarare, mtadanganyika. Mwambie dalali tunapanda mlima wa Newala. Kupanda usikilize giaboksi kama inateleza, injini inapiga kelele gari haiendi. Juu simameni dakika kumi, angalieni mshale wa joto na kama kuna tone limedondoka chini. Kushuka mkeo aweke gia ya chini asishuke na breki peke yake, hiyo sio ya kujaribia gari tu, hiyo ni ya siku zote, breki zikichemka kwenye ule mteremko hakuna sala.

Dalali akikataa mlima ana sababu.

Na toa laki tano pembeni kabla ya kukubaliana bei, ni ya oili zote, chujio, bushi na tairi mbili. Usimwambie kama ipo.

Mjomba Salfa

Ticha mimi bado nasema mkonga ila safari njema.

ticha_wa_mlimani

Wakuu ndo tumefika Masasi saa mbili hii. Fundi simu yako haipatikani. Dalali kapiga anasema njooni gari ipo tayari, ameshaiwasha tangu asubuhi ipate moto vizuri isituangushe.

fundi_wa_masasi

Nipo chini ya Fuso ticha sikusikia. Mwambie aizime, funguo mkae nayo nyie. Kanyweni chai mpaka boneti ipoe.